Kanisa linataka kupeleka huduma kambi ya Nyarugusu: mnaoijua kazi hii, tuanzie wapi?

#1 Mwinjilisti wa Sengerema

Shalom wakuu. Kanisa letu limechanga shilingi milioni 9 na marobota 14 ya nguo. Fuso la kukodi limepatikana na kwaya ya watu 30 iko tayari. Tunalenga Nyarugusu, Kasulu, kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliokimbia vita. Mpango wa awali ni siku 3: mchana tunagawa nguo, sabuni na maziwa ya unga ya watoto, jioni mkutano wa injili. Naomba wanaoijua kazi hii watupe hatua, vipimo, na pale makanisa yanapokosea. Semeni wazi, msituonee haya.

#2 Kasulu Mjini

Karibu Kasulu mtumishi. Marobota yasubiri, anza na kibali. Kambi ni eneo maalumu chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, na anayeingia bila ruhusa anavunja sheria hata akiwa na Biblia mkononi. Barua inakwenda Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, ikiwa na nembo na namba ya usajili wa kanisa. Ambatisha majina ya watu wote kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, namba za magari, majina ya madereva, orodha ya mizigo kwa kilo na idadi, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na kazi mtakayofanya siku kwa siku. Mgeni wa nje ya nchi aambatishe pasipoti na viza. Picha na video ziombewe ruhusa humohumo kwenye barua. Kamera ikionekana bila kutajwa, safari nzima inaweza kuishia getini.

Yanayokwamisha ni madogo tu. Mwanakwaya mmoja anaongezwa usiku wa kuamkia safari. Fuso linaharibika Kakonko, linaletwa jingine lenye namba isiyo kwenye kibali. Au mtu kaandika "mizigo mbalimbali" akidhani anarahisisha kazi. Askari wa getini hana mamlaka ya kukuhurumia, ana karatasi tu mbele yake.

Halafu wageni hawalali kambini. Mtalala Kasulu mjini au Makere, kijiji jirani na kambi, na kabla ya giza muwe mmeshatoka. Kwa hiyo mkutano wa jioni ufute kwenye mpango tangu leo.

#3 Mtunza Ghala

Naongezea upande wa hesabu, maana hapo ndipo moyo mzuri unapoharibu kazi.

Nyarugusu imekuwa na watu zaidi ya 100,000 kwa miaka mingi. Kiwango cha kimataifa cha sabuni ya kuogea ni gramu 250 kwa mtu kwa mwezi. Zidisha: tani 25 kwa mwezi mmoja tu. Fuso lako halifiki hapo hata ulijaze pomoni, na robota 14 zikifunguliwa mbele ya umati wa namna hiyo mtakanyagana. Ndiyo maana wenye uzoefu hawaendi "kugawa kambini". Wanachagua kundi dogo linalohesabika, wanalihudumia likatosheka.

Mfano wa kundi: kaya 300 za wazee wanaoishi peke yao na watu wenye ulemavu. Au wanaojifungua ndani ya miezi 2 kwenye kituo kimoja cha afya. Au wasichana wa shule moja. Chagua kimoja.

Ukichagua kaya 300 zenye wastani wa watu 5, sabuni ya kuogea ni 300 × 5 × gramu 250 = kilo 375. Ya kufulia ni gramu 200 kwa mtu, yaani kilo 300. Jumla kilo 675 kwa mwezi. Fuso linabeba hiyo ya miezi 3 na nafasi inabaki ya ndoo. Kumbuka kuipima miche kwenye mizani, usikadirie kwa macho. Mche ukikaa unakauka na kupungua uzito, kwa hiyo ulioandikwa kilo 1 mara nyingi haufiki.

Kila kaya inahitaji vyombo 2 vya maji vya lita 10 hadi 20, kimoja cha kuchotea na kimoja cha kutunzia. Cha kutunzia kiwe na mdomo mwembamba au kifuniko. Ndoo wazi huchafuka kwa mkono wa mtoto hata kama maji yalitoka bombani yakiwa na klorini.

Nguo zichambueni huko Sengerema, msizichambulie kambini. Toeni makoti mazito, viatu vya mguu mmoja, nguo zilizochanika, na nguo zote za ndani. Chupi na sidiria za mitumba Shirika la Viwango (TBS) limezipiga marufuku. Kama mnataka nguo za ndani, nunueni mpya. Pangeni kwa umri: miaka 0–2, 3–5, 6–10, 11–15, wakubwa wanawake, wakubwa wanaume. Robota moja likichambuliwa vizuri huwa linabaki pungufu sana, msishangae. Kwa akina mama wa Kongo na Burundi, kitenge kipya cha yadi 2 kina faida kuliko magauni manne ya mtumba. Kinambeba mtoto, kinamfunika usiku, na mama anajisitiri nacho msibani.

#4 Nesi Mkunga

Bwana Yesu asifiwe. Mtumishi, naomba kwa dhati: maziwa ya unga ya watoto yatoeni kwenye orodha. Hilo kopo linaua. Mama akianza kuchanganya unga na maji ya ndoo, kwa chupa isiyochemshwa, mtoto anapata kuhara, na ziwa nalo linaanza kukauka kwa kutonyonywa. Kopo linaisha baada ya siku chache, ninyi mmeshaondoka. Mtoto asiye na mama kabisa anashughulikiwa na wahudumu wa lishe wa kambi, wanaompima na kumfuatilia. Mkitaka kumsaidia anayenyonyesha, mlisheni yeye: maharage, mafuta, dagaa, karanga.

Dawa pia msibebe za majumbani. Msaada wa dawa unapitia Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) na kituo cha afya husika, ziwe kwenye pakiti zake, na zikifika ziwe na angalau mwaka 1 kabla ya kuisha muda. Kinyume chake mnawapa wauguzi kazi ya kuteketeza taka.

Vyandarua ni msaada mzuri sana, Kigoma malaria haipoi. Hesabu ni chandarua 1 kwa watu 2. Kiwe chenye dawa, na kabla ya kulalia mara ya kwanza kianikwe kivulini saa 24. Msipowaeleza hilo, ngozi itawawasha usiku wa kwanza na kesho yake mtakiona kimezungushiwa bustani ya mchicha.

Kwa wasichana, kifurushi kamili ni hiki: pedi za kufua 6, chupi mpya 6 (hiyo ni ya mwaka), sabuni ya ziada gramu 250 kwa kila mwezi, ndoo ndogo yenye kifuniko ya kulowekea, kamba na vibanio. Pedi bila chupi hazina kazi. Pedi zisipoanikwa juani vijidudu havifi, na msichana asipokuwa na mahali pa siri pa kuanika ataanika chini ya godoro, apate muwasho. Muda wa kueleza haya upangwe, na mwanamke ndiye aeleze. Msigawe mbele ya wavulana wala mbele ya kamera.

#5 Jasiri wa Injili

Naona uzi mzima ni sabuni na ndoo. Sasa huu ni umisionari au ni duka? Watu wamepoteza kila kitu, kitu cha kwanza wanachohitaji ni Yesu. Mimi nashauri wahudhurie ibada kwanza, kisha mgao. Asiyetaka neno atajijua.

#6 Mchungaji wa Mpakani

Ndugu Jasiri, bidii yako naiheshimu, lakini njia hiyo imefungwa na makanisa yenyewe. Mwaka 1994 yalitungwa maadili ya mwenendo kwa wanaosaidia watu kwenye maafa. Kanuni ya pili inasema msaada hutolewa kwa kuangalia uhitaji, bila kujali kabila wala imani. Ya tatu inasema msaada usitumike kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Waliokaa meza moja na Msalaba Mwekundu kuyatunga ni pamoja na Caritas Internationalis, Lutheran World Federation na Baraza la Makanisa Ulimwenguni.

Na kwa vitendo: ukiweka ibada kabla ya mgao, utapata waongofu 300 kwa asubuhi moja na hutajua nani kaamini na nani ana njaa. Waislamu waliomo kambini, na wapo, utakuwa umewafukuza kwenye sabuni ya watoto wao. Wiki ijayo linakuja dhehebu lingine lenye unga, hao 300 wanabatizwa tena. Msamaria mwema hakumuuliza yule aliyejeruhiwa anasali wapi. Alimfunga majeraha, akamlipia nyumba ya wageni.

Ibada iwepo, kwa uwazi, kwenye kanisa la kambini, siku yake na kwa anayetaka. Mgao uwe mahali pengine, siku nyingine, na kwenye meza ya mgao pasiwe na fomu ya uanachama wala fulana yenye jina la dhehebu. Mkitenganisha hivyo, mkristo atajua ninyi ni nani bila kuambiwa, na asiye mkristo hatajisikia amenunuliwa.

TCRS, shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, ilianza mwaka 1964 kwa kazi ya Walutheri na makanisa mengine ya hapa nchini, ikapokea wakimbizi kutoka Rwanda, Msumbiji na Burundi. Ilisaidia kujenga makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo kwa visima, barabara, shule na mashamba. Pale makanisa yalijaa bila mtu kushikiwa mgao.

#7 Mbembe wa Zoni

Shalom wote. Nawajibu kutoka upande wa wanaopokea. Wageni wengi wanakuja wakidhani injili haijafika huku. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 na sisi tuliotoka Fizi, Baraka na Uvira huko Kongo tulikuja na makanisa yetu: wachungaji, wazee, kwaya, ngoma, na vitabu vya nyimbo vilivyookolewa. Warundi waliokuja kuanzia 2015 nao wana yao. Kwaya ya watu 30 kutoka nje itakuta kwaya zaidi ya hiyo hapa, na zinaimba vizuri.

Yanayokosekana ni mengine. Biblia za Kirundi na za Kiswahili zenye maandishi makubwa kwa wazee. Taa ya sola ya kanisani, maana wanafunzi wanakuja kusomea humo usiku. Madaftari magumu ya kuandikia ubatizo, ndoa na vifo. Mafunzo kwa wachungaji, kwa sababu wengi walisimikwa njiani na hawakuwahi kukaa darasani.

Hayo madaftari msiyadharau. Cheti cha ubatizo au cha ndoa mara nyingi ndiyo karatasi pekee familia iliyo nayo siku ya kuhojiwa, iwe kwa kurudi nyumbani au kwa kuhamishiwa nchi ya tatu. Mchungaji aandike anachokijua tu: tarehe ya kweli, jina kama lilivyo kwenye kadi ya kambi, majina ya wazazi kwa herufi zilezile. Akimwongezea mtoto mwaka 1 kwa huruma, au akimwandikia mtu barua kwamba ni mke wa fulani wakati siyo, uongo huo ukigundulika unaivunja kesi ya familia nzima, na cheti kingine chochote cha kanisa hilo kinatiliwa shaka.

#8 Mwinjilisti wa Sengerema

Barikiweni. Kwaya tunaipunguza, maziwa tumeyafuta. Maswali mawili: orodha ya wahitaji tunaipata wapi, na kama kuna watoto waliopotezana na wazazi, tuna familia 6 kanisani zilizo tayari kuwachukua. Inawezekana?

#9 Nesi Mkunga

Hilo la watoto hapana mtumishi, na naomba familia hizo zielezwe vizuri zisivunjike moyo. Mtoto aliyepotezana na wazazi si yatima mpaka ithibitike. Wengi mama yao yupo, labda upande wa pili wa ziwa au kwenye zoni nyingine ya kambi hiyohiyo. Ukimhamishia Sengerema umeukata uzi wa mwisho wa kumpata, na kisheria umemtoa mkimbizi kambini bila kibali.

Njia ni moja: mpelekeni kwa wahudumu wa ulinzi wa mtoto na Msalaba Mwekundu, wanaofanya kazi ya kutafuta ndugu. Hapo kanisa lina kazi kubwa, maana mchungaji anajua nani katoka kijiji gani. Mtoto wa miaka 4 hajui jina la kijiji. Anajua "mama anaitwa Mama Riziki", anajua walikuwa wanachota maji mtoni au kwenye bomba, kanisani kulikuwa na kengele au ngoma, babu alikuwa anavua au analima muhogo. Andikeni maneno yake yaleyale, bila kuyanyoosha, pamoja na nguo aliyokuwa amevaa siku aliyopatikana. Msimtangaze madhabahuni na kuuliza "nani mzazi wake?", maana wapo wanaonyoosha mkono kwa nia mbaya. Wakati anasubiri, anakaa na familia ya kulea ndani ya jamii yake, inayotembelewa. Hizo familia 6 zichangie walezi hao magodoro na sare za shule.

Na kwenye maombezi, tafadhali wachungaji wasome hapa. Mwanamke akimwambia mchungaji kwamba alibakwa, asimsimamishe kutoa ushuhuda, asimwambie mumewe, asiseme "tuombe kwanza wiki hii". Dawa ya kuzuia VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyosaidia. Ampeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa idhini yake, akisindikizwa na mama anayemwamini.

Mwenye kifafa asiambiwe aache vidonge kwa imani. Fenobabito, dawa ya kifafa, ikikatishwa ghafla, degedege huweza kuja mfululizo bila kuacha, na mtu anaweza kufa. ARV, dawa za VVU, ni vivyo hivyo, asiache. Mwombeeni huku anaendelea kumeza. Mfungo usitangazwe kwa wajawazito, wanaonyonyesha, wenye kisukari, na watoto.

#10 Mtunza Ghala

Kuhusu orodha: haitoki kwa mchungaji peke yake wala kwa kiongozi wa mtaa peke yake. Kila mmoja ana shangazi yake. Ombeni kwa mkuu wa kambi na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wawaunganishe na shirika linalohudumia kundi hilo, wao wana orodha ya wenye mahitaji maalumu. Kisha wazee wa makanisa na wa msikiti waipitie, waseme nani kahama na nani kafariki.

Siku ya mgao msiigonganishe na siku ya posho ya chakula. Vifurushi vifungwe Kasulu usiku wa kabla yake, kila kimoja kamili. Kupima sabuni mbele ya foleni ndiyo chanzo cha ugomvi. Meza 1 ikihudumia kaya 1 kwa dakika 1, kwa muda wa saa tano ni kaya 300, kwa hiyo meza 2 zinawatosha na mtamaliza saa 6 mchana. Pigeni kamba ya njia ya kuingia na ya kutokea, zisikutane. Kuwe na kivuli, maji ya kunywa, choo karibu, na benchi la wazee na wajawazito wanaohudumiwa mwanzo. Anayekuja na kadi ya mlemavu aliyelala ndani asirudishwe, mtu mmoja amsindikize akathibitishe.

Bandikeni ubao kwa Kiswahili na Kirundi: nani anapata, kifurushi kina nini na nini, kwa idadi, na kwamba ni BURE. Bila ubao huo kuna atakayewatoza watu shilingi 500 za "kuandikishwa". Meza ya malalamiko ikae pembeni, na anayeikalia asiwe mgawaji. Lazima kuwe na mwanamke hapo.

Sabuni na ndoo nunueni Kasulu kama bei inakubali, mtaokoa mafuta na wenyeji watapata biashara. Wenyeji wa Makere nao wana shida zao, na kwa kuni wanagombania msitu mmoja na kambi. Kanisa likitenga sehemu kidogo kwa zahanati au shule ya kijiji, uhusiano unakuwa mzuri.

#11 Kasulu Mjini

Na mkienda msimu wa mvua mjiandae kwa kipindupindu. Mei 2015 Warundi walikwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, wakisubiri kubebwa na MV Liemba kwenda Kigoma. Kipindupindu kikaingia, watu wapatao 30 wakafa ndani ya wiki chache. Watu walikuwa wengi, vyoo na maji safi hakuna.

Kwa kanisa maana yake ni hii. Kwenye kila mlango wa ibada kuwe na ndoo ya bomba. Klorini ya unga ya asilimia 65–70: kijiko kikubwa 1 kwa maji lita 20 ni ya kunawia mikono. Vijiko 10 kwa lita 20 ni ya sakafu na vyoo, isiguse ngozi. Tumia ndoo ya plastiki, ya bati inaliwa na kutu. Changanya kila asubuhi, funika, weka kivulini, na usichanganye na sabuni wala siki. Kikombe kimoja cha meza ya Bwana kisizunguke midomoni. Maiti ya kipindupindu isioshwe na ndugu, wala chakula cha msiba kisipikwe na waliomhudumia. Anayeharisha aanze kunywa akiwa bado njiani kwenda kituoni: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, kwa hiyo pima, usikisie.

#12 Jasiri wa Injili

Mchungaji wa Mpakani, nimekuelewa kuhusu kutenganisha siku. Bado naamini neno lisikosekane kabisa, lakini la ibada kwanza kisha mgao nalitoa.

#13 Mchungaji wa Mpakani

Halitakosekana ndugu yangu. Pendekezo langu kwa ndugu wa Sengerema: kwaya ibaki nyumbani, waende watu 8. Wawili wa ghala, mama wawili wa kuongea na wasichana, muuguzi 1, fundi wa sola 1, wachungaji 2 watakaokaa darasani na wachungaji wa kambini kwa siku 2. Masomo yawe yale wanayoyaomba wenyewe, kwa kawaida ni maziko, ndoa zilizotenganishwa na vita, na namna ya kumsikiliza aliyeumizwa: tazama, sikiliza, mwunganishe na huduma. Jumapili mhubiri awe mwenyeji, ninyi mkae kwenye mabenchi.

#14 Mwinjilisti wa Sengerema

Tumekubaliana na wazee: kundi ni kaya 300 za wazee na walemavu, na wasichana wa shule 1. Barua ya kibali inaandikwa wiki hii. Vitakavyobaki baada ya mgao tufanyeje?

#15 Mtunza Ghala

Msirudi navyo, wala msivitupe kwa umati mkiwa juu ya gari. Hesabuni palepale, andikeni hati ya makabidhiano nakala 3, mkabidhi kituo cha afya au shirika lililowapa orodha, wasaini kwa jina na cheo. Nakala 1 kwa mkuu wa kambi, 1 kwa mpokeaji, 1 ibandikwe kwenye ubao wa kanisa lenu Sengerema pamoja na stakabadhi za manunuzi, waliochanga waisome.